Mwaminifu Asiyeaminika: Uhakiki wa Istilahi za Upekuzi wa Watumishi wa Serikali

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki pale neno linapopatikana. Neno likishapatikana hapana budi lipelekwe kazini, lipimwe kwa mambo yenyewe linalodai kuyataja, na likishindwa lirudishwe kwa mhunzi. Madhumuni ya makala haya ni kuyapima kwa namna hiyo maneno machache yanayotumiwa na wafasiri na watangazaji wetu wanapoeleza jinsi serikali ya Marekani inavyowachunguza watumishi wake kabla ya kuwaruhusu kuona siri za dola, na jinsi utaratibu huo ulivyofanyiwa marekebisho tangu mwaka 1947.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tumekwenda mbali kiasi hicho. Sababu ni mbili. Kwanza, habari za jambo hili hutufikia mara kwa mara na hutakiwa kusomwa kwa Kiswahili siku ile ile. Mwezi Januari 2025, mathalan, Rais wa nchi hiyo aliwafutia vibali maofisa wa zamani wapatao 50 kwa amri moja; mfasiri aliyeletewa habari hiyo hakuwa na wiki ya kutafakari. Pili, mambo ambayo katika nchi nyingi hubaki ndani ya majalada, huko yameandikwa waziwazi katika amri za marais, hukumu za mahakama na taarifa za wakaguzi. Kwa hiyo istilahi inaweza kupimwa hadharani, na kila msomaji akaona kama imefaa au haikufaa.

Tutajaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa istilahi zetu katika uwanja huu hautokani na umaskini wa Kiswahili. Lugha inazo njia za kutofautisha mambo ambayo wafasiri wameyachanganya. Kilichokosekana ni kuzitumia.

Kuku, seremala na mganga wa mifugo

Tuanze na kitendo chenyewe cha kumchunguza mtumishi. Tanzania hukiita upekuzi. Kenya, hasa tangu Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya mwaka 2011 iliyowataka majaji na mahakimu wachunguzwe upya, magazeti yamezoea kusema kwamba mtu "anapigwa msasa". Waingereza nao wana neno lao, ambalo lilitokana na kazi ya mganga wa mifugo: farasi alikaguliwa kabla ya kuingizwa mashindanoni, na baadaye kitenzi hicho kikahamishiwa kwa binadamu.

Maneno haya matatu ni ya picha, na picha si jambo baya katika istilahi maadamu inaonyesha kile kinachotakiwa kuonekana. Kupekua asili yake ni kazi ya kuku anayechakura ardhini akitafuta chakula. Picha hiyo inafaa kwa sehemu moja ya shughuli, yaani kutafuta: kusoma majalada ya polisi, kuuliza majirani, kutazama madeni. Lakini anayepekua hajaamua lolote. Tukiiita shughuli nzima upekuzi, tumeuficha uamuzi ndani ya utafutaji, na msomaji ataamini kwamba kilichookotwa ndicho kilichohukumu.

Msasa una kasoro ya namna nyingine. Seremala hupiga msasa ubao aliokwisha kuuchagua. Huondoa makwaruzo, na ubao hubaki mahali pake ukiwa laini zaidi. Mtumishi aliyenyimwa ruhusa hakulainishwa; ameondolewa. Neno linalomfanya mtu aliyepoteza kazi aonekane kama aliyepambwa haliwezi kutumika katika sheria, hata likivutia namna gani katika kichwa cha habari.

Liko jambo moja ambalo picha zote tatu zinashirikiana, nalo ndilo zito kuliko yote. Udongo hausemi, ubao hausemi, na farasi hasemi. Katika maneno yote matatu anayechunguzwa hana kauli. Ilhali, kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya marekebisho ya Marekani imekuwa ni mabishano juu ya swali hilo hilo: je, anayechunguzwa asikilizwe, na kwa kiasi gani?

Kibali cha usalama ni kibali cha nani?

Matokeo ya uchunguzi huo wafasiri wetu huyaita "kibali cha usalama". Hapa yako maneno mawili, na kila moja linahitaji kutazamwa.

Neno usalama katika matumizi ya watu limekwisha kupata maana ya pili. Mtu akisema "huyu ni wa usalama", hakuna anayefikiri juu ya amani na salama. Kila mmoja anafahamu kwamba anatajwa ofisa wa idara ya ujasusi. Basi msikilizaji anaposikia kwamba fulani ana kibali cha usalama, huelewa mojawapo ya mambo mawili: ama amepewa karatasi na watu wa usalama, ama yeye mwenyewe ni mmoja wao. Yote mawili si kweli. Fundi wa mitambo katika kiwanda cha ndege za kivita anaweza kuwa na ruhusa hiyo, na asiwe jasusi hata kidogo. Kinachoruhusiwa ni kuona siri. Kwa hiyo tungependelea "kibali cha siri", istilahi fupi inayotaja jambo lenyewe.

Neno kibali, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu na limebeba maana ya kukubaliwa na kupendelewa. Mtu hupata kibali mbele ya mkubwa. Hawezi kumdai mkubwa huyo kibali. Wako watakaosema kwamba maana hii inalifanya neno lisifae katika sheria. Sisi tunaona kwamba hapa, kwa bahati, neno limegonga ndipo. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Egan, mfanyakazi wa karakana ya jeshi la majini aliyenyimwa kibali, ilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali hicho. Mahakama ilieleza pia kwamba kumnyima mtu kibali si kumhukumu tabia yake. Ni kukisia anavyoweza kutenda siku za usoni. Kibali basi ni fadhila ya dola, na Kiswahili kimelisema hilo kabla ya wanasheria.

Hata hivyo fadhila ina utaratibu wake, na hapo ndipo neno moja lisipotosha. Amri ya Rais ya mwaka 1995, yenye namba 12968, inatenga mambo ambayo wafasiri wetu huyatia katika kapu moja. Kuna uchunguzi, ambao hukusanya habari. Kuna uamuzi wa ustahiki, ambao huzipima habari hizo. Kuna kibali, ambacho ndicho tokeo. Na hata mwenye kibali hafunguliwi kila kabati: hana budi pia kuwa na haja ya kujua, yaani kazi yake iwe inadai aione siri ile mahususi. Waziri aliyetajwa kuwa na "kibali cha juu" hana ruhusa ya kusoma kila kitu, na habari isiyosema hivyo imempa mamlaka asiyokuwa nayo.

Vivyo hivyo katika madaraja ya siri. Sheria za Marekani hazipimi jinsi jambo lilivyofichwa, zinapima madhara. Daraja la chini ni la habari ambazo zikivuja zitaleta madhara kwa taifa, la kati ni la madhara makubwa, na la juu ni la madhara makubwa mno. Mfasiri anayeandika "siri", "siri sana" na "siri kabisa" ametafsiri sauti akaacha kipimo. Tungeshauri yaitwe siri ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na maelezo ya madhara yafuate pale yanapohitajika.

Mzizi wa -amini

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Karibu kila habari ya uchunguzi huu ikifasiriwa, neno "uaminifu" hujitokeza: serikali inapima uaminifu wa watumishi, fulani ametiliwa shaka uaminifu wake, na kadhalika. Tunadai kwamba neno hili, likitumiwa peke yake, linaifuta historia nzima ya marekebisho.

Mwaka 1947 Rais Truman alitoa amri namba 9835. Swali la amri hiyo lilikuwa moja: je, mtumishi huyu ni mtiifu kwa nchi yake, au moyo wake uko kwa adui? Hapa neno uaminifu lilikuwa sahihi. Lakini mwaka 1953 Rais Eisenhower aliifuta amri hiyo akatoa nyingine, namba 10450, na swali likabadilika. Sasa haikutosha mtu kuwa mtiifu. Ilitakiwa ajira yake ionekane wazi kuwa inapatana na maslahi ya usalama wa taifa. Mlevi, mwenye mazoea ya kusema ovyo, au mtu ambaye maisha yake ya faragha yangeweza kutumiwa na wengine kumtisha, wote waliweza kuondolewa bila yeyote kudai kwamba waliisaliti nchi. Chini ya amri hiyo maelfu waliachishwa kazi, wengi kati yao kwa sababu tu walishukiwa kupenda watu wa jinsia yao. Sababu hiyo ilikatazwa rasmi kwa amri ya mwaka 1995 tuliyoitaja.

Tofauti kati ya maswali hayo mawili ilionekana dhahiri mwaka 1954 katika shauri la Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya Los Alamos ilikobuniwa bomu la atomiki. Bodi ya watu watatu iliyomsikiliza ilikiri kwamba alikuwa raia mtiifu. Kisha, kwa kura mbili dhidi ya moja, ikapendekeza asirudishiwe kibali. Tume ya Nishati ya Atomiki nayo ikaafiki kwa kura nne dhidi ya moja tarehe 29 Juni 1954, siku moja tu kabla ya muda wa kibali hicho kwisha.

Mfasiri mwenye neno uaminifu peke yake atafanya nini hapa? Akiandika kwamba bodi ilimwona mwaminifu, halafu ikamnyima kibali kwa kukosa uaminifu, msomaji atadhani wazee wale walirukwa na akili. Wala hawakurukwa, walikuwa wakitumia maneno mawili kwa mambo mawili. Kiswahili nacho kinayo maneno hayo, tena yametoka katika mzizi mmoja.

Kuwa mwaminifu ni sifa ya mtu mwenyewe. Anayo hata kama hakuna anayemjua. Kuaminika ni jambo jingine: kiambishi -ik- kinatuambia hali ya kitu kinavyopokelewa, kama mlango unaofungika au chakula kinacholika. Mtu anaaminika kwa kadiri wengine wanavyoona sababu ya kumwamini. Na kuaminiwa ni jambo la tatu: ni kutendwa, na anayetendwa ana mtenda. Mtumishi akipewa kibali ameaminiwa, na sentensi haijakamilika mpaka tuseme ameaminiwa na nani.

Kwa maneno haya shauri la 1954 linaelezeka kwa sentensi moja: bodi ilimwona Oppenheimer kuwa mwaminifu, ikasema haaminiki, naye hakuaminiwa. Jambo linasikitisha, lakini linaeleweka. Mwezi Desemba 2022 Waziri wa Nishati wa Marekani aliutangua uamuzi ule, akieleza kwamba mwenendo wa shauri ulikuwa na kasoro na haukufuata kanuni za Tume yenyewe. Oppenheimer alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1967.

Sarufi inatufundisha jambo la zaidi. Kauli ya -ik- humficha mtenda. Tukisema "fulani haaminiki", hatukutaja nani asiyemwamini wala kwa ushahidi gani. Ndivyo hasa ilivyompata William Greene, mhandisi na mkuu katika kiwanda kilichofanya kazi za jeshi la majini. Mwaka 1953 alifutiwa kibali kwa maelezo ya watu ambao hakupata kuwaona wala kuwauliza swali. Alipoteza kazi, akashindwa kupata nyingine katika fani ya ndege, akaishia kuchora ramani za majengo kwa mshahara mdogo zaidi. Mwaka 1959 Mahakama Kuu iliamua kwamba si Rais wala Bunge aliyekuwa ameidhinisha utaratibu wa namna hiyo, wa kumnyima mtu riziki pasipo kukabiliana na wanaomshtaki. Mwaka uliofuata ikatolewa amri namba 10865 iliyowapa wafanyakazi wa viwandani hati ya sababu, nafasi ya kusikilizwa, na ruhusa ya kuwahoji mashahidi, ingawa kwa mipaka fulani.

Kwa lugha ya sarufi, marekebisho yale yalikuwa safari ya kutoka "haaminiki" kwenda "hakuaminiwa na fulani, kwa sababu hii". Mfasiri anayeziba tofauti hiyo anairudisha habari nyuma ya mwaka 1959.

Istilahi za marekebisho mapya

Baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 malalamiko yalihama. Sasa ilidaiwa kwamba utaratibu ni mzito mno. Sheria ya mwaka 2004 ilitaka asilimia 90 ya maombi yakamilike kwa wastani wa siku 60, yaani 40 za uchunguzi na 20 za uamuzi, na ikataka idara moja ikubali kibali kilichotolewa na nyingine. Jambo hili la pili limeitwa na baadhi ya wafasiri "usawa wa vibali". Usawa ni neno la haki na vipimo. Hapa panatakiwa "kutambuliana vibali".

Maombi yaliyolundikana yalifikia takriban 725,000 mwaka 2018. Neno "mlimbikizo" tumelisikia likitumika. Tungelionya: mtu hulimbikiza mali kwa kutaka. Majalada haya yalirundikana kwa kushindwa, na "mrundikano" unasema kweli zaidi. Tena haraka ilizaa hila yake. Mwaka 2014 serikali ilidai mahakamani kwamba kampuni iliyopewa kandarasi ya uchunguzi ilikuwa imepeleka majalada 665,000 hivi kana kwamba yamekaguliwa yote, ilhali hayakukaguliwa. Hapo ndipo tunapoona ubaya wa kuita kila kitu upekuzi: jalada lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyepekua.

Istilahi ngumu kuliko zote ni ya utaratibu ulioanzishwa mwaka 2018. Zamani mwenye kibali cha daraja la juu alichunguzwa upya kila baada ya miaka 5, na wa daraja la kati kila baada ya miaka 10. Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka za siri kwa waandishi wa habari, na mwezi Septemba mwaka huo huo mfanyakazi wa mkandarasi mwenye kibali aliwaua watu 12 katika kituo cha jeshi la majini mjini Washington. Ikaonekana kwamba miaka 5 au 10 ni mingi. Sasa mitambo hutazama majalada ya polisi, madeni na safari kila wakati, na mwenye kibali hachunguzwi tena kwa vipindi.

Wengine wameuita utaratibu huo "upekuzi endelevu". Endelevu limekwisha kupewa kazi ya maendeleo yasiyoharibu mazingira, na lina harufu ya sifa. Sisi tunapendekeza "ufuatiliaji wa mfululizo". Ni neno wazi: mtu anafuatwa, na hakuna kukatika. Lina faida ya kumkumbusha msomaji kwamba dhana ya kibali yenyewe imegeuka. Zamani kilikuwa kitu ulichopewa ukakaa nacho. Sasa ni jambo linaloamuliwa upya kila siku. Na linamkumbusha pia kwamba habari zinazokusanywa lazima zikae mahali. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wezi wa mitandaoni walikuwa wamechukua kumbukumbu za uchunguzi wa watu milioni 21.5 kutoka idara ya utumishi ya Marekani, pamoja na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Waliokuwa wametakiwa kueleza kila siri yao ili waaminiwe, hawakutunziwa siri hizo.

Mwisho, tuonye juu ya mtego mmoja. Mwongozo ulioanza kutumika mwaka 2017 una vigezo 13 vya kumpima mtumishi, kuanzia utiifu kwa nchi hadi matumizi ya kompyuta, na unataka atazamwe kwa ukamilifu wake, yaani mema na mabaya, ya zamani na ya sasa. Kiingereza huiita dhana hiyo kwa maneno ambayo yakifasiriwa moja moja hutoa "mtu mzima". Kila Mswahili anajua mtu mzima ni nani. Iandikwe "kumpima mtu kwa jumla ya mwenendo wake", hata kama ni ndefu. Istilahi ndefu inayoeleweka ina heri kuliko fupi inayochekesha.

Hitimisho

Kwa muhtasari tunapendekeza upekuzi ubakie kwa maana ya uchunguzi peke yake. Msasa uachiwe waandishi wa habari. "Kibali cha siri" kichukue nafasi ya "kibali cha usalama". Na uamuzi wa ustahiki, haja ya kujua, hati ya sababu, kutambuliana vibali, mrundikano na ufuatiliaji wa mfululizo zipewe nafasi ya kujadiliwa. Zaidi ya yote tunapendekeza uaminifu, kuaminika na kuaminiwa zisitumiwe tena kama neno moja.

Itasemwa kwamba watu wamezoea, na kwamba mazoea yana taabu. Ni kweli. Lakini upekuzi wa watumishi haufanyiki Marekani tu. Siku sheria za nchi zetu zitakapotakiwa kueleza kwa Kiswahili mtumishi aliyenyimwa kibali ana haki ya kuambiwa nini, zitatumia maneno tuliyoyasanifu leo. Sheria itakayosema tu kwamba fulani "si mwaminifu" itakuwa imemtia doa mtu ambaye pengine hakufanya kosa lolote. Itakayosema "haaminiki" itakuwa imemficha anayemkataa. Itakayosema "hakuaminiwa na mamlaka fulani, kwa sababu zifuatazo" itakuwa imempa mtu huyo pa kuanzia kujibu.